Karatasi ya Mpwa Wangu

Mpwa wangu ni kibarua wa msimu katika ghala moja la korosho huko Ruangwa. Mwezi uliopita alinijia Nachingwea, na baada ya kuamkiana akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. "Mjomba, niitie saini au niiache?" Ilikuwa fomu ya chama cha wafanyakazi, ile iitwayo TUF 6.

Nikamjibu upesi, kama wajibuvyo watu wasiofanya kazi hiyo: tia, umoja ni nguvu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza karatasi ile itakwenda kwa nani.

Swali hilo lilinikosesha usingizi. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, fomu ile ni idhini ya kumruhusu mwajiri akate ada ya chama katika mshahara. Basi haina budi kumfikia mwajiri, na jina juu yake. Na chama kikiwa na wafanyakazi walio wengi ndipo kina haki ya kutambuliwa kuwa msemaji wao pekee. Mwajiri akibisha, shauri huenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Lisipokwisha huenda Mahakama ya Kazi, nayo yaweza kuagiza kura ipigwe. Kura huja mwisho, majina yakiwa yamekwisha kusomwa zamani. Kweli, sheria yakataza kumbagua mtu kwa ajili ya chama. Lakini kibarua wa msimu hafukuzwi. Haitwi tena, basi.

Wala khofu si ya mwajiri peke yake. Mwenzako akikusimamia na kalamu mkononi, wengine wakitazama, kusema "la" kwahitaji moyo.

Katika wilaya zetu hizi, kabla ya minada ya korosho kuingia mitandaoni, wanunuzi walitia bei zao katika bahasha zilizofungwa. Hakuna aliyewaita waoga.

Hata hivyo sanduku nalo lina ila yake. Huko Marekani waajiri ndio waipendao kura ya siri, na vyama ndivyo vipendavyo kadi. Mswada wa kadi wa mwaka 2009 haukupita. Vyama husema, na sidhani wamekosea, kwamba siku za kungojea kura ndizo siku za vitisho.

Nikamkumbuka Abdulrahman bin Auf (r.a.), alipotafuta rai za watu wa Madina baada ya kufa Sayyidna Umar, mwaka 23 wa Hijra. Aliwauliza wengine hadharani, wengine faraghani.

Asubuhi nikamwambia mpwa wangu: "Kwanza pigeni kura wenyewe, nje ya ghala, bila ya majina. Mkiwa wengi, tieni saini nyote siku moja. Mkiwa wachache, mtajua, na hapana aliyeumia."

Tukakata vikaratasi arubaini na sita katika daftari la mwanangu, kwa idadi yao. Akavifunga katika leso, akawahi basi la Ruangwa. Ile fomu aliondoka nayo vilevile, imekunjwa mara nne.