Macho Mazima, Ubao Unamshinda

Neno linaloniudhi kuliko yote kwenye daftari za watoto ni "mzembe." Mtoto wa kaka yangu aliandikiwa hivyo kwa wino mwekundu akiwa darasa la tatu. Macho alishapimwa, hahitaji miwani. Lakini akinakili ubaoni anaruka mistari, na kwenye hesabu mamoja yanaangukia kwenye makumi. Shule ikataka arudie darasa. Akaninong'oneza, "Shangazi, kwani mimi mjinga?"

Mh! Mimi nimesomea mawasiliano, siyo udaktari, ila nafahamu kuwa ujumbe kufika siyo kueleweka. Jicho linapokea picha, ubongo ndio unaoisoma. Hitilafu ikiwa huko, miwani haisaidii.

Tulimpeleka kwa mtaalamu wa tiba kazi. Hakuna sindano wala mashine, jamani, ni michoro tu! Kipimo cha kwanza, TVPS, kilitoka Marekani mwaka 1982. Mtoto anatafuta maumbo yanayofanana, anakumbuka umbo aliloonyeshwa kidogo, analitambua likiwa limepinduliwa, analitafuta kwenye msongamano wa mistari. Anaonyesha kwa kidole, haandiki. Cha pili, Beery, cha mwaka 1967, ni kunakili maumbo kwa penseli, kuanzia mepesi hadi magumu.

Utamu uko kwenye kuvilinganisha. Akichagua umbo sahihi halafu akashindwa kulichora, tazama ushirikiano wa jicho na mkono. Akikosea hata kuonyesha, tazama namna anavyotafsiri anachokiona.

Wa kwetu alikwama kwenye umbo lililofichwa katikati ya mengine. Kwingine kote alikuwa sawa na umri wake. Kumbe kwake ubao uliojaa maandishi ni kama Kariakoo siku ya mkesha wa sikukuu! Akapewa kadi yenye kidirisha cha kuonyesha mstari mmoja mmoja, daftari la miraba, na hesabu chache kwa kila ukurasa. Kaka akaipeleka ripoti shuleni, na mtoto hakurudishwa darasa. Mistari bado anairuka, ila siyo kama zamani.

Angalizo: alama za vipimo hivi zilipangwa kwa kuwatazama watoto wa Marekani. Asiyezoea vitabu vya picha anaweza kupata alama ndogo bila kuwa na tatizo lolote. Tena, wengi wanaochelewa kusoma hukwama kwenye sauti za herufi, siyo kwenye kuona. Ndiyo maana mtaalamu mzuri hategemei kitabu peke yake. Atamwangalia mtoto akifunga vifungo vya shati, na atakuuliza kama nyumbani anaweza kuona kijiwe kwenye ungo wa mchele.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, anza na macho, kisha omba kipimo hiki. Ukikabidhiwa ripoti usikodolee alama tu. Uliza: "Kesho darasani tubadilishe nini?" Kama hakuna jibu, bado hamjamaliza kupima.