George Orwell na Muhtasari wa Mkutano

Huku kwetu Malangali, katika mji wa Sumbawanga, upepo wa Julai huvuma kwa baridi kali, na mtu asiye na kazi ya lazima hupenda kukaa karibu na moto. Katika majira kama hayo nilisoma mara ya kwanza Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyotolewa Nairobi mwaka wa 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Nilicheka, nikakifunga kitabu, nikadhani nimekwisha kukielewa. Wasomaji wengi tu hivyo: twawatambua nguruwe wa wenzetu, tukasahau kutazama zizi letu.

Mwandishi wa hadithi ile alizaliwa Motihari, Bara Hindi, tarehe 25 Juni 1903, akaitwa Eric Arthur Blair. George Orwell ni jina alilojipa alipotoa kitabu chake cha kwanza mwaka wa 1933. Alisoma Eton, shule ya wana wa wakubwa, walakini hakuingia Chuo Kikuu. Alikwenda Burma kuwa afisa wa polisi tangu 1922 hata 1927. Kazi ile aliichukia, akaiacha. Aliishi na mafukara wa Paris na London. Alipigana vita Hispania, ambako risasi ilimpiga shingoni mwaka wa 1937. Akafa London kwa kifua kikuu tarehe 21 Januari 1950, umri wake miaka 46.

Riwaya zake za 1945 na 1949 ndizo zilizomtangaza duniani. Mimi nilikutana naye hasa katika insha. Katika insha moja ya mwaka wa 1936 aeleza jinsi afisa kijana alivyompiga risasi tembo aliyekwisha kutulia. Hakutaka kumwua, lakini nyuma yake palikuwa na umati, naye aliogopa kuchekwa. Katika nyingine, ya 1946, aonya kuwa lugha ya ukungu husitiri matendo maovu, na huipofusha hata akili ya mwenye kuiandika.

Insha hizo zilinikuta na deni. Miaka michache kabla yake nilikuwa katibu wa kikundi cha wakulima. Tulichanga fedha za mbolea ya mahindi. Mvua zikaanza, mbolea haikufika. Nilijua kuwa fedha zimeliwa. Walakini katika muhtasari niliandika kwamba utekelezaji wa lengo unakabiliwa na changamoto. Viongozi wakausifu ufasaha wangu, nami nikafurahi kuitwa msomi. Mzee mmoja, aliyekuwa ameuza ng'ombe ili alipe mchango wake, akasimama, kofia mkononi.

"Mwanangu, umesoma vizuri. Sasa niambie, mbolea iko wapi?"

Nilimjibu kwa sentensi nyingine, ndefu kuliko ya kwanza. Akakaa. Msimu ule mahindi yake yalidumaa, majani yakawa ya manjano.

Sikula hata senti moja ya fedha zile, na kwa muda mrefu nilijitetea kwa neno hilo. Orwell aliniondolea kinga. Yule afisa naye alikuwa na bunduki mkononi, lakini amri ilitoka katika macho ya watu. Nami kalamu ilikuwa yangu, lakini sifa za wakubwa ndizo zilizoiongoza. Nafasi yangu katika Shamba la Wanyama ilikuwa ya yule nguruwe mwenye ulimi mwepesi, ambaye kazi yake ni kuieleza njaa mpaka ionekane shibe.

Nilikwenda kwa mzee, nikamkuta akipukuchua mahindi uani.

"Mzee, fedha zile zililiwa, nami siku ile nilijua."

Hakuinua uso upesi. "Nilijua, mwanangu. Nilikuwa nangoja mtu wa kusema."

Maneno yangu hayakumrudishia ng'ombe wake. Tulipukuchua pamoja mpaka jua likazama. Tangu siku hiyo, kila niandikapo muhtasari, huandika kwanza jibu la swali lake.