Maboksi Mawili ya Kornifleksi



Ndugu wasomaji, leo hatuna darsa. Tuna kisa cha nyumbani kwetu hapa Nyamirambo, Kigali, na baadhi ya wazazi wa wanafunzi wetu wanakijua tayari, maana kiliwafikia kabla hatujakisimulia sisi wenyewe.

Mdogo wetu anayeishi Uingereza alikuja kututembelea siku chache kabla ya Ramadhani, akawaletea watoto maboksi ya kornifleksi ya aina mbili: Frosties na Coco Pops. Kwa asiyezijua, Frosties ni vipande vyembamba vya mahindi vilivyopakwa sukari. Coco Pops ni punje za mchele zilizoumuliwa zikatiwa kakao, ukizimwagia maziwa nayo yanageuka rangi ya chokoleti. Siku hiyo hiyo nyumba ikagawanyika. Wavulana wakawa wa Frosties, mdogo wao wa kike akashika Coco Pops, na ilipofika daku ya pili hakuna aliyegusa uji wa sosoma, huu wa soya, mtama na mahindi ambao ndio uliowalea. Saa nne asubuhi wote wanasinzia juu ya misahafu kwa njaa.

Jambo hilo lilituudhi. Tena tuseme kweli, na bei ilitutisha, kwani mkubwa alikwisha kuyaona maboksi kama hayo katika duka moja kubwa la mjini, akawa anauliza tutanunua lini. Basi usiku huo tukasema: "Acheni hivyo vitu, vina jelatini ya nguruwe."

Hatukuwa tumesoma boksi. Tulichokuwa nacho ni habari tuliyoisikia zamani ya kornifleksi ya Marekani iitwayo Lucky Charms, yenye vipande laini vya rangi rangi kama peremende, ambavyo ndani yake mna jelatini ya nguruwe. Habari hiyo ni ya kweli. Lakini ni ya boksi jingine, nasi tuliibandika kwenye haya kwa kuwa ilitufaa.

Watoto wakanyamaza, maana kwao neno la baba ndilo neno la maalim. Kesho yake likafika madrasa, na kutoka madrasa likaingia majumbani. Siku ya tatu alikuja mama mmoja mjane, akatushukuru kwa kumzindua. Alikuwa na boksi la Coco Pops alilomnunulia mwanawe kwa kuhifadhi Juzuu Amma. Alijinyima kulinunua, na sasa amelitupa jalalani mtoto analia. Akasema, "Bora alie leo, Maalim, kuliko kumlisha haramu." Tukaitikia "Allah akulipe" na macho yetu yako chini.

Jioni binti yetu aliye sekondari alituuliza taratibu, "Baba, uliona wapi hiyo jelatini? Mimi nimesoma sikuiona." Sisi tulisoma kwa Kifaransa. Serikali ilipoamua mwaka 2008 kwamba shule zifundishe kwa Kiingereza, watoto ndio wakawa wasomaji wetu. Basi tukaketi naye, akatusomea neno kwa neno. Frosties: mahindi, sukari, kimea cha shayiri, chumvi, vitamini. Coco Pops: mchele, sukari, kakao na mengineyo. Jelatini haikuwamo katika boksi lolote. Kimea kilitusimamisha kidogo, ila ni shayiri iliyooteshwa ikakaushwa, imetiwa kwa ajili ya ladha, si pombe. Vitamini D ya vyakula vya namna hii mara nyingi hutolewa katika mafuta ya sufu ya kondoo, na kondoo hukatwa manyoya akaenda zake.

Tukafika kwenye sukari. Tulikuwa na yakini kwamba ya chokoleti ndiyo mbaya zaidi. Kumbe katika gramu 100, Frosties ina gramu 37 za sukari na Coco Pops 17. Ilikuwa 30, wakaipunguza mwaka 2018. Tukaazima mizani ya mwenye duka, tukamwambia mkubwa amimine kama amiminavyo siku zote. Boksi linasema gramu 30, yeye akamimina 70. Hiyo ni sukari gramu 26, yaani zaidi ya vijiko sita vya chai. Bakuli la mdogo wake halikufika hata vijiko viwili na nusu.

Tulianza kutabasamu. Mama watoto, aliyekuwa kimya muda wote, akasema, "Sasa pimeni na uji wenu." Sisi hutia vijiko vitatu vikubwa katika kikombe. Mizani ikasema gramu 36. Tuliacha kutabasamu.

Kwa ladha, Frosties huliwa upesi kabla hazijalainika, na utamu wake unaacha kiu ambayo mfungaji haihitaji. Coco Pops hulowa haraka zaidi, ila yale maziwa yanayobaki chini tuliyanywa hadi tone la mwisho. Binti mdogo alikuwa amechagua vizuri kuliko kaka zake.

Asubuhi tulisimama mbele ya darasa tukasema tulikosea, na kwamba tulisema bila kusoma. Mwanafunzi mmoja mkubwa akainua mkono: "Maalim, si ndiyo ile aya ya 116 ya Suratun Nahl uliyotufundisha?" Ndiyo hiyo hiyo, inayokataza watu kuharamisha kwa ndimi zao tu. Huifundisha kila mwaka mtu yule yule.

Alasiri tukampelekea yule mama boksi la Coco Pops lililobaki, ambalo binti mdogo alikubali kulitoa baada ya mazungumzo marefu. Mama alilipokea, akalishika muda bila kusema. Kisha akauliza, "Sasa siku nyingine nitajuaje, Maalim?" Tukamwambia atuulize tumesoma wapi.

Juma lililofuata alikuja kutuuliza juu ya soseji fulani. Tukamwomba alete pakiti.