Makongeni: Mtaa wa Reli na Maradhi ya Trekta Kuukuu

Msafiri atokaye katikati ya mji wa Nairobi akaifuata Barabara ya Jogoo, iliyoitwa zamani Doonholm Road, hupita Kaloleni kisha hufika Makongeni. Jina hilo maana yake ni mahali penye makonge, lakini sifa ya mtaa ililetwa na reli. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na nyumba za Makongeni zilijengwa baadaye kwa ajili ya watumishi wake. Ng'ambo ya njia ya gari moshi ndiko kwenye viwanda na karakana. Hivyo kazi ya spana na nyundo haikuwa ngeni kwa watoto waliokulia huko.

Katika pande hizo za mashariki ya mji, fundi wa jua kali hakatai kazi kwa sababu chombo ni cha zamani. Tuchukue mfano wa trekta la Ferguson TE20, lililoundwa Coventry, Uingereza, tangu mwaka 1946 hadi 1956. Maradhi yake ya kuogopwa sana ni maji ya rejeta kuingia katika oili.

Dalili ya kwanza ni rangi: oili hugeuka kama chai ya maziwa. Hata hivyo fundi mwenye busara hahukumu upesi. Asubuhi za baridi za mwezi wa Julai, injini isiyopata moto wa kutosha hufanya povu jeupe chini ya kifuniko cha oili, nalo ni umande tu. Lakini maji ya rejeta yakipungua, na oili ikipanda juu ya alama ya kijiti cha kupimia, hapo hakuna shaka tena. Trekta huachwa limetulia usiku kucha. Asubuhi nati ya chini ya sampu hulegezwa polepole. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yakiwamo ndiyo yatakayotangulia kutoka.

Sasa yabaki kujua yapitia wapi. Wengi hukimbilia kununua gasketi ya hedi, wakapoteza fedha bure. Katika injini hiyo silinda ni za kupachikwa, na maji huzizunguka. Chini yake kuna gasketi za kuyazuia yasishuke. Basi fundi hulitegemeza trekta imara, huondoa sampu, hujaza rejeta, kisha hutandaza karatasi safi chini na kungoja. Tone likianguka kutoka chini ya silinda, gasketi hizo zimechoka. Likishuka kutoka juu, kosa huenda likawa katika gasketi ya hedi, au hedi yenyewe ina ufa.

Kungoja huko humwudhi mwenye shamba, hasa mvua za Machi zinapokaribia na majirani wameanza kulima. Humsihi fundi abadilishe oili tu, trekta lirudi kazini. Lakini oili iliyochanganyika na maji hailindi beringi. Zikiliwa, krenkishafti nayo huharibika, na gharama huwa kubwa kuliko bei ya gasketi mara nyingi. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Heri kukosa siku mbili za kulima kuliko kukosa trekta msimu mzima.