Chaki ya Mjomba na Bati za Mama

Jamani, kuwa na digrii ya hisabati mtaani kwetu Manzese ni balaa. Kila mtu ana swali moja tu: "Kwa hiyo utafundisha?" Mjomba ndiyo usiseme, keshaniona na chaki mkononi.

Na mimi nilishakubali yaishe. Nikawa napiga tuisheni ili mkono uende kinywani, mpaka mshikaji niliyesoma naye Mlimani aliponitajia kazi ya mtakwimu bima. Nikacheka. Bima mimi? Si wale wanaokimbizana na wenye magari?

Kumbe wapi! Huyu ndiye anayekadiria watu wangapi watakufa, wataugua au watastaafu, ili kampuni ijue itoze kiasi gani leo isije ikaumbuka kesho. Mwaka 1693 Edmond Halley, yule yule wa nyota yenye mkia, alitumia vifo vya mji wa Breslau kutengeneza jedwali la kuonyesha mtu wa umri fulani ana nafasi gani ya kuendelea kuishi.

Hapo nywele zikanisimama. Kisa? Marehemu baba alikuwa kwenye chama cha kuzikana. Watu 60, kila mmoja sh. 2,000 kwa mwezi. Kwa mwaka, sh. 1,440,000. Kila msiba, sh. 500,000. Piga mwenyewe: misiba miwili inalipika, wa tatu unapungukiwa. Mwaka wa kwanza tu, mzee akawa wa nne. Mweka hazina hakuiba hata senti. Waliopanga viwango walikisia tu. Tulizika kwa kukopa.

Sasa ngoma iko hapa: mitihani ya chama cha watakwimu bima cha Uingereza ni mingi, inakula miaka, na kila karatasi unailipia. Na fedha niliyodunduliza ni ya bati za nyumba ya mama.

Nikamweleza mama. Akanyamaza, kisha akauliza: "Mwanangu, hizo hesabu zingejua kwamba sanduku litakauka?"

"Ndiyo mama. Mapema kabisa."

"Basi kasome. Bati zitasubiri."

Nimejiandikisha mtihani mmoja. Masika yakija, tutatega ndoo. Nikifeli, mjomba atanipa chaki yake. Nikifaulu, kazi yangu ya kwanza ni kile chama cha kuzikana, tena bure!