Pleti za River Road

Nilipoingia Kariobangi Light Industries mwishoni mwa miaka ya 1990, nilikuwa tayari na jina la mwandishi wa mabango. Kuta za bucha, vinyozi na hoteli za Eastlands zilikuwa na mkono wangu: vichwa vya ng'ombe, vikombe vya chai vinavyofuka, vijana walionyolewa panki. Brashi ya manyoya niliijua. Brashi ya hewa niliijua kwa kuona kazi yake tu ubavuni mwa matatu, ule ukungu wa rangi unaotoka giza kuingia mwanga bila kuonyesha ulipoanzia.

Ya kwanza kuimiliki niliuziwa na dereva wa njia ya Buru Buru, namba 58. Ndugu yake alikuwa amemletea kutoka Dubai, naye akaona ni kidude kisicho na kazi. Ina kitufe kimoja chenye amri mbili: ukibonyeza inatoka hewa, ukivuta nyuma inatoka rangi. Tundu la mbele ni la milimita 0.3, dogo kuliko kichwa cha pini, na punje moja ya rangi iliyokauka inatosha kukuharibia asubuhi nzima. Kompresa niliundiwa na fundi wa friji kutokana na friji iliyokufa. Ilitoa hewa kidogo, lakini kwa brashi ndogo paundi 25 hadi 30 zinatosha, na haikupiga kelele za kuwaudhi majirani.

Chombo nikawa nacho. Pa kujifunzia ndipo hapakuwa. Rangi ya gari ni ghali, bodi ya gari ni ghali zaidi, na mwenye matatu huhesabu kila siku ambayo gari lake limelala karakana kuwa mapato yaliyopotea. Hakuna anayekupa Isuzu ya abiria 33 ujaribu mkono. Wengi wenye kipaji waliacha hapo hapo, wala si kwa kushindwa kuchora. Hawakuwa na mahali pa kuharibia.

Kila mtu huanzia kwenye gazeti, nami nilianzia huko. Gazeti la jana ni bure, na linafaa kwa mazoezi ya kwanza: nukta, mistari, mistari inayoanza minene na kuishia myembamba, mipira yenye kivuli. Unajifunza kwamba ukisogeza ncha hadi sentimita moja unapata uzi, na ukirudi nyuma hadi kumi na tano unapata wingu. Unajifunza pia kufunga rangi kabla ya kufunga hewa, ili tone lisije likadondoka mwishoni. Manila ni bora kuliko gazeti kwa kuwa haijikunji upesi, na katoni ya sabuni ina ubapa wa kutosha ukivumilia mistari yake ya ndani. Lakini nasema wazi kwamba karatasi husifiwa kupita kiasi. Karatasi inakunywa rangi. Ukizidisha, inameza kosa lako na kukuachia picha safi, ukadhani mkono umekomaa. Siku utakayosimama mbele ya chuma, rangi ile ile itateremka kama machozi, au hewa itaisukuma pembeni ikaota miguu ya buibui. Nilipoanza kufundisha niliwapokea vijana wenye madaftari yaliyojaa nyuso nzuri ambao hawakuweza kupuliza jicho moja kwenye mlango wa gari.

Kwa hiyo niliwahamisha mapema kwenye kioo. Mafundi wa madirisha hutupa vipande, au hukupa kwa bei ya soda. Zungushia kingo tepu usijikate, tumia rangi ya maji iliyozimuliwa vizuri, na chini ya kioo weka picha unayotaka kuifuata. Unapuliza juu yake, unalinganisha, unafuta kwa kitambaa kibichi, unaanza upya. Kipande kimoja hukaa miaka. Kioo hakinywi chochote na hakifichi chochote: rangi nyingi mno inateremka papo hapo, ukiwa mbali mno inafika imekauka kama unga. Ubaya wake ni mmoja, kwamba hakikufundishi msasa wala prima, na kazi ya gari nusu yake ni hiyo.

Kisha ukaja mwaka 2004. Kanuni alizosimamia Waziri John Michuki zilianza kutekelezwa Februari: mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo, mstari wa manjano ubavuni. Abiria walipata nafuu, siwezi kusema vinginevyo. Sisi wachoraji, michoro ikiwa haitakiwi tena, tulibaki na kazi ya kupaka mstari wa manjano, na hiyo haihitaji msanii. Karakana kadhaa zilifungwa. Mimi nilirudi kwenye mabango, na bango moja likanipeleka River Road kwa mchapaji wa kadi za harusi aliyetaka mlango wake uandikwe upya.

Nyuma ya mashine yake kulikuwa na rundo la pleti zilizotumika. Ni mabamba ya alumini, membamba ya kukatika kwa mkasi. Za mashine ya GTO zina sentimita 51 kwa 40, na kila kazi ya rangi nne inaacha nne. Alikuwa akiziuza kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nilimwomba anilipe nusu fedha, nusu pleti, akanicheka, akanifungia furushi.

Tangu siku hiyo sijaona kitu cha kuzishinda. Ni chuma, tena chuma laini kisicho na kutu. Unafuta wino kwa mafuta ya taa, unaosha kwa sabuni, unaacha ikauke. Unapitisha msasa wa maji namba 800 mpaka mng'ao upotee, unapuliza prima ya kijivu nyembamba, na hapo una mlango wa gari unaoweza kuubeba kwapani. Ukijaza upande mmoja unageuza wa pili. Zikijaa pande zote unasugua, unapiga prima tena, picha ya zamani inazikwa. Mwanafunzi anapitia hatua zote za kazi, kuanzia kusafisha hadi klia ya mwisho, kwenye kitu ambacho kikiharibika hakuna anayelia.

Lakini sababu hasa ya kuzipenda ni kwamba zinapindika. Matatu haina ubapa mwingi. Ina mabega, pembe za nyuma, matao ya magurudumu. Uso uliochorwa vizuri kwenye ubapa ukipelekwa kwenye pembe unavutika taya. Nilikuwa nikiifunga pleti kuzunguka debe la lita 20 kwa waya, kisha namwambia kijana achore uso ambao mtu aliyesimama kituoni ataona umenyooka. Hapo ndipo unapojua nani atakuwa fundi. Inabidi mkono uzunguke na debe, umbali wa brashi usibadilike, na mashavu yachorwe mapana kuliko yalivyo.

Stensili zetu tulizikata kwenye filamu kuukuu za eksirei. Ukizilaza kwenye maji yenye Jik, ile picha ya mbavu inatoka na inabaki plastiki angavu isiyolowa.

Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta alipowatetea hadharani vijana wanaochora matatu, kazi ilirudi kwa kishindo. Kila mwenye nganya (matatu iliyorembwa) wa njia ya Rongai alitaka gari lake lizungumzwe mji mzima. Vijana walijaa karakana, na pleti hazikutosha. Wakati huo mabango ya uchaguzi wa 2013 yalikuwa bado yamezagaa mitaani, turubai za plastiki zenye nyuso kubwa kuliko milango. Nilibuni zoezi: unafunika nusu ya uso wa mgombea kwa prima nyeupe ya maji, unamwachia mwanafunzi nusu ya pili kama mwongozo, naye anairudisha ile iliyofutika. Walioshindwa uchaguzi walitufaa sana, maana mabango yao yalikuwa hayaulizwi na mtu. Tahadhari ni kwamba turubai hiyo haipatani na thina. Inalainika, inakunjamana, na rangi ya gari juu yake inaweza kunata wiki nzima. Rangi ya maji peke yake.

Boneti na mabawa ya magari mabovu tulikuwa tukinunua kwa mitihani ya mwisho, hadi serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu Januari 2022. Marufuku iliondolewa baadaye mwaka huo huo. Kwa miezi ile pleti zililundikana kwa wachapaji wasiokuwa na wa kuwauzia, na wanafunzi wangu hawakukosa chochote.

Siku hizi maduka ya sanaa huuza karatasi maalumu za mazoezi, nyeupe, laini, zinazofanana na plastiki. Ni nzuri. Kwa bei ya pakiti moja kijana wa Dandora angepata pleti za muhula mzima, na akiinunua pakiti hiyo bado hajagusa chuma. Mtu wa kuchora fulana afanye mazoezi kwenye vitambaa vya mitumba, na wa kuchora keki ajizoeze kwenye sahani. Anayetaka magari atafute chuma mapema, hata kama ni bamba jembamba kama jani.

Nawe unayetaka kuanza, nenda River Road asubuhi kabla mnunuzi wa chuma hajapita, uulize pleti zilizotumika. Jifunze kwa rangi ya maji mpaka mkono utulie. Ukifika kwenye klia ya kuchanganywa na hadina, usijifunge leso puani ukadhani umejikinga, kwa sababu sumu ya hadina inapita kwenye kitambaa na kudhuru mapafu. Tumia barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba, na hiyo usiitafute ya bei rahisi.