Kamioneti na Injini Yake

Katika jamaa zetu za Katanga hakuna neno linalokusanya watu upesi kama neno la kununua motokaa. Na inayotamaniwa kuliko zote ni kamioneti ya kadiri, yenye sanduku wazi nyuma, inayochukua mzigo wa karibu kilo elfu moja. Gari dogo halitoshi magunia, na kamioni kubwa humaliza mali ya ukoo mzima. Hilux ya Toyota ndiyo kamioneti ya kadiri inayojulikana kila mahali.

Sisi nasi tumekaa katika baraza la namna hiyo. Fedha zilitoka katika mahindi na samaki wa Kasenga, nazo ndizo zilizolipa karo za watoto. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa na haki ya kusema. Vijana walitaka injini mpya yenye nguvu za farasi nyingi. Wazee walitaka ya zamani. Mama mkubwa, ambaye hakupata kushika usukani hata siku moja, aliuliza neno moja tu: «Ikifa katika matope ya mwezi wa pili, nani ataifufua?» Baraza likanyamaza.

Swali lile lilikuwa na maana kubwa, kwa sababu mnunuzi hanunui injini peke yake. Huinunua pamoja na njia, fundi na mafuta ya mahali pake. Ndiyo sababu matakwa ya watu hayafanani. Hilux ilianza kuuzwa Japani mwaka 1968, ikiwa na injini ya petroli ya lita 1.5. Huko Marekani mahali pake palichukuliwa na Tacoma mwaka 1995. Wamarekani wengi huenda kazini na kamioneti yao, na siku ya mapumziko huvuta mashua. Kwao petroli ndiyo inayopendwa. Chevrolet Colorado, mifano ya mwaka 2016 hadi 2022, iliuzwa pia na injini ya mazuti ya lita 2.8, kisha ikaachwa. Tacoma ya mwaka 2024 iliacha injini ya silinda sita ya lita 3.5, ikachukua ya silinda nne ya lita 2.4 yenye turbo. Na ile inayosaidiwa na mota ya umeme hufikia farasi 326. Hata hivyo wako waliosikitikia silinda sita zao, maana walikwisha kuzizoea na kuziamini.

Kwetu kazi ni nyingine. Injini ya mazuti haiwashi moto kwa cheche. Hubana hewa mpaka iwe na joto kali, na mazuti yakinyunyizwa ndani huwaka yenyewe. Hutoa nguvu nyingi ikizunguka polepole, nayo ndiyo nguvu inayotakiwa gari lililojaa magunia linapojikokota kutoka matopeni. Hesabu kubwa ya farasi iliyoandikwa katika karatasi hupatikana injini ikizunguka kwa kasi. Na nani hukimbia matopeni?

Lakini injini za mazuti nazo si za namna moja. Ile ya zamani ya Hilux iitwayo 3L, ya lita 2.8 bila turbo, haihitaji kompyuta. Fundi mwenye funguo na subira huitengeneza chini ya mwembe. Ni dhaifu mlimani, na mkanda wake sharti ubadilishwe kila kilomita 100,000, maana ukikatika huivunja injini. Ile mpya ya lita 2.8, iliyofikishwa farasi 204 mwaka 2020, ina nguvu zaidi ya mara mbili, tena ina mnyororo badala ya mkanda. Walakini hunyunyiza mazuti kwa msukumo mkubwa mno, kupitia matundu membamba sana. Maji kidogo au takataka katika bidoni la mwuza mafuta huweza kuharibu injekta, na bei ya injekta mpya huliza baba wa nyumba.

Baraza letu lilichagua ya zamani, likaweka akiba ya kununua mkanda, chujio na matairi. Vijana walinung'unika, lakini fundi aliyeijua injini ile alikaa mwendo wa nusu saa tu kutoka kwetu, na fundi wa ile mpya alikaa Lubumbashi. Kama tungekaa mjini, karibu na mafuta safi na mafundi wenye mashine za kupimia, pengine tungechagua kama vijana.

Basi, ninyi wazazi mnaoweka akiba, na ninyi wanafunzi ambao kesho mtaulizwa shauri, msianze kwa kuhesabu farasi. Ulizeni kwanza: tutabeba nini, tutapita wapi, mazuti yatatoka wapi, na nani atatengeneza? Kisha iwasheni injini asubuhi ingali baridi, mtazame moshi wake, mfungue chujio mwone kama lina maji. Kamioneti iliyo njema ni ile inayofikisha mzigo sokoni, ikarudi, na mwisho wa mwezi ikaacha kitu cha kulipia karo.